Mnara wa Katekista

Katekista wetu hakuingia kanisani hata siku moja bila kupiga hodi. Lile la kambi ya wakimbizi, kule Tanzania, lilikuwa miti michache na turubai juu yake, lakini alisimama nje, akavua kofia, akaupiga mti wa mlangoni kwa kiganja na kusema, "Hodi, mzee." Kisha akangoja. Sisi watoto tulingoja nyuma yake tumeziba midomo kwa mikono, maana turubai halijibu, na kila mmoja wetu alikuwa anaomba siku moja lijibu tuone atakimbilia wapi. Yeye aliamini kwamba nyumba ya ibada ni mtu mzima, imeona mengi kuliko wewe, na ukiiingia kama zizi itakuhesabu pamoja na mbuzi.

Tulimwita Katekista, basi. Jina alikuwa nalo, tena mawili, la ubatizo na la Kirundi, lakini mke wake mwenyewe alimwita Katekista hata wakati wa ugomvi, na ugomvi wao ulikuwa mmoja tu tangu nilipopata akili. Siku walipokimbia vita Burundi, kila mtu wa kilima chetu alibeba cha muhimu: mtoto, godoro, mbegu za maharage. Katekista alibeba picha. Aliing'oa ukutani kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, akaizungushia mkeka, akaipandisha begani, na sufuria pekee ya mke wake akaiacha jikoni juu ya mafiga.

"Maharage yalikuwa yameiva!" mke wake alikuwa akilalamika miaka mingi baadaye, bado machozi yanamlengalenga. "Yalikuwa yameiva, Katekista!"

Naye humjibu kwa upole kwamba sufuria zimejaa Tanzania nzima, lakini kanisa lile liko moja. Mama yule hajaisalimia ile picha mpaka leo.

Picha yenyewe nitaieleza, kwa sababu imenilea kuliko shangazi zangu. Ilikuwa ya kanisa la mawe, la Kianglikana, lililojengwa karne nyingi zilizopita. Upande mmoja kuna mnara mnene wa pembe nne, juu umekatwa meno meno, na juu ya meno hayo jogoo wa chuma anayegeuka upepo unakotoka. Madirisha ni marefu, yamechongoka kileleni. Mbele pana kibaraza chenye paa lake mwenyewe, na pembeni makaburi yamelala kwenye majani ya kijani ambayo ng'ombe yeyote wa kwetu Muyinga angeyatamani. Iliachwa na mchungaji mzungu wa zamani, yule aliyefungua kanisa letu kilimani. Kanisa hilo ndimo alimobatiziwa, huko kwao Uingereza, na kwa kulikumbuka sana alikuwa amemsimulia Katekista, wakati huo kijana wake wa kupiga kengele, habari ya kila jiwe. Katekista alikuwa na kichwa kisichomwaga kitu. Sasa wewe unayesoma umeshajua kwamba lile lilikuwa kanisa la Uingereza. Sisi hatukujua.

Kila Jumapili baada ya ibada aliitundika picha mtini, akashika ufito, akaanza.

"Mnara huu aliuanza babu, akauendeleza baba, akaumaliza mjukuu. Yule babu alijua hatauona ukiisha. Asubuhi alikuja kazini vilevile. Katikati ikaja tauni, mafundi wakafa, kazi ikalala mpaka watoto wakazaliwa na kuzeeka. Tazameni hapa. Mawe ya chini ni ya kahawia, ya juu ni meupe kidogo. Mnapoona rangi inabadilika ndipo watu walipokufa, na ndipo wengine walipoanza tena."

Nilikuwa nikiutazama ule mstari mpaka mwili unanisisimka. Halafu, kabla hatujahuzunika vizuri, alikuwa amesharukia kuta za ndani, ambazo zamani zilichorwa Siku ya Hukumu, Shetani akimburuta tajiri kwa mguu mmoja. Mfalme mmoja asiyependa picha akaamuru zipakwe chokaa. "Zikapakwa," Katekista alisema, ameanza kucheka peke yake, "lakini kila mvua ikinyesha Shetani anachungulia, anauliza kama wameondoka!" Alikuwa na tabia hiyo, kucheka kabla kisa hakijafika penye kichekesho, na kwa sababu hiyo visa vyake vingi sijui viliishaje.

Vichwa vya mawe ndivyo tulivyovipenda kuliko vyote. Kwenye ncha za paa walichonga vichwa vya kutisha vilivyoachama midomo, na maji ya mvua yakatapikwa kupitia humo. Masika ilipofika, kambi nzima ilituona watoto wa Katekista tumejipanga ukingoni mwa turubai, shingo nje, macho tumeyatoa, midomo wazi, maji yanatuingia na kutoka. Mama zetu walitufuata na fimbo. Katekista alisimama kwenye mvua na koti lake, akitukagua mmoja mmoja. "Wewe uachame zaidi. Wewe vizuri. Wewe, hakuna jiwe linalokohoa."

Hilo koti nalo lina habari zake. Lilikuwa la suti ambayo suruali yake haikuwahi kujulikana ilipo, na alilipiga pasi ya mkaa mpaka viwiko vikang'aa, kisha akalivaa kwenda kutuhubiria unyenyekevu. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliongoza nyimbo akiwa hana sauti ila ile moja iliyomjia asubuhi, na akianza juu sana, akina mama waliachia wimbo mmoja mmoja njiani mpaka akabaki huko juu peke yake, anafurahi. Alisema mtu asiyejua kungoja na ajenge kibanda cha nyanya. Yeye mwenyewe chai haikupata kupoa mbele yake, na ulimi wake ulikuwa umeungua tangu ujana.

Uongo aliuchukia. Mtoto akisema mbuzi ndiye aliyekula muhogo, Katekista alimwita mbele, akamuuliza mbuzi alikuwa wa rangi gani, ameanzia upande gani, alishiba au hakushiba, mpaka mtoto akalia na kusema ni mimi. "Njia ya mwongo ni fupi," alituambia. Na mbuzi, kwa kweli, walimwandama maisha yake yote. Kwenye kanisa la picha, upande wa kaskazini, palikuwa na kamlango kadogo kalikofunguliwa wakati wa ubatizo ili Shetani akimtoka mtoto apate pa kupita. Katekista akaona sisi tumepungukiwa. Akalikata turubai letu upande wa kaskazini, akaweka pazia. Siku ya ubatizo wa kwanza, pasta kutoka mjini ameshika mtoto, maji yako mkononi, pazia likafunuliwa kwa heshima, na badala ya mtu kutoka, akaingia beberu mweusi wa jirani yetu, mwenye ndevu na pembe, akasimama, akatutazama. Mayowe yake! Watu walipanda mabenchi. Wengine walitubu kwa sauti mambo ambayo kambi ilikuwa bado haijayajua. Katekista alikuwa anapiga kelele juu ya kelele zote: "Si yeye! Jamani, si yeye! Huyu namfahamu!"

Sasa, habari ya mnara. Lilikuwa neno moja tu. Siku moja, nikiwa bado mdogo, mtoto mmoja alimuuliza, "Katekista, hilo ndilo kanisa letu la nyumbani?" Akaitazama picha. Akatutazama sisi, tumekaa vumbini, wengi wetu tumezaliwa palepale, nyumbani tumekusikia tu kama mtu anavyosikia habari za marehemu. Nilikuwepo, nilimwona akimeza mate.

"Ndiyo," akasema.

Tukajinyoosha migongo. Niseme ukweli, nilivimba kichwa. Kuanzia siku ile nikienda sokoni na mama niliwauliza watoto wa Kitanzania kama kanisa lao lina jogoo wa chuma, na wao, maskini, walikwenda kuwauliza mama zao.

Wazazi wetu walijua, bila shaka. Wao walikulia kilimani. Lakini nani angemwaibisha Katekista mbele ya watoto? Wakanyamaza mwaka, wakanyamaza wa pili, na hadithi ikisikika kila Jumapili inaota mizizi hata kwa anayejua. Baba yangu aliniambia baadaye, amekuna kichwa, "Sisi wenyewe tulikuwa tumeanza kuukumbuka." Mama aliapa kabisa kwamba siku ya harusi yake alijikinga jua chini ya mnara. Alitaja na upande.

Amani ilipotulia tukapakiwa kwenye malori. Kobero, mpakani, wabadilisha fedha walikuwa wanapunga noti, wapagazi wanagombania magodoro yetu, na Katekista yuko juu ya lori la mbele, koti amelifunga vifungo vyote kwenye jua lile, mkeka umesimama katikati ya magoti. Mtu wa forodha akamuuliza kuna nini humo.

"Kanisa," akajibu.

Yule bwana akaufungua mkeka, akatazama, akaufunga tena taratibu, akampa mkono kwa mikono miwili. Lori zima likalipuka vigelegele. Tuliimba mpaka sauti zikakauka, na kila tulipopanda kilima watoto walisimama, wakashikana mashati, wakapiga kelele, "Katekista, mnara! Unaonekana?"

"Bado," akasema.

Kilima kingine. "Na sasa?"

"Bado."

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimesimama karibu naye. Nikaona jasho linamtiririka shingoni na kuingia kwenye kola. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, watu walikuwa wanacheka naye hacheki.

Kanisa tulilolikuta lilikuwa la matofali ya kuchoma, bati lake limeshika kutu, mlango wa mbao mfupi, mikaratusi nyuma. Lilikuwa limefagiwa. Mlangoni walikuwa wamesimama wale waliobaki, akina mama na matawi mikononi, na mbele yao Mama Spesi, bibi mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, aliyelitunza kanisa lile vita nzima. Walituimbia. Lilikuwa zuri, na leo naweza kulisema hilo. Lakini sisi tuliokulia kambini tulikuwa tunatazama juu ya paa, penye mawingu matupu, na mimi ndiye niliyeuliza.

"Katekista, mnara uko wapi?"

"Vita," akasema, akaingia ndani. Hakupiga hodi.

Neno lile la pili ndilo lililotaka kutuua. Vijana wetu walikaa wakalifikiri. Vita inachukua watu, inachukua ng'ombe, milango, mabati. Mawe haiyabebi. Mawe kabeba mtu. Na nyumba ya Mama Spesi, tazama, ina msingi wa mawe, tena mapya! Wakaenda na kamba na picha, wakapima msingi wake huku yeye yuko shamba. Haikupita muda kanisani kukawa na upande wa kushoto wa waliorudi na upande wa kulia wa waliobaki, na kwenye chemchemi mistari miwili ya madumu. Ubaya ni kwamba wakati uleule wazee walikuwa wanazungumza habari za mashamba. Mashamba yetu mengi walikuwa wameyalima wao miaka yote hiyo, na mazungumzo yalikuwa yanaenda polepole, kwa adabu, mpaka huu hapa na mpaka ule pale. Mnara ukayavunja. Mtu aliyekuwa tayari kuachia ukanda wa mihogo akasema hampi kitu mtu anayemwita mwizi. Baba alirudi jioni moja akasema kwa sauti ndogo, "Leo mawe, kesho panga." Niliogopa. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa furaha yangu yote, na sasa nikawa naogopa kwenda kuchota maji.

Katekista aliugua bila ugonjwa. Alikunywa chai, basi. Mke wake alimwambia mbele yangu, "Sema, Katekista." Akajibu, "Nikisema hili ni uongo, wataniuliza na mengine. Nimewafundisha mimi kila walichonacho."

Vijana wakatafuta mtu asiye na upande. Wakamleta Fundi Ramazani kutoka Gitega, mtaa wa Nyamugari, Mwislamu, mwashi mwenye kujisifu kupita kiasi, ambaye leo ni jirani yangu na bado anajisifu. Akazunguka kanisa mara moja, mikono nyuma, akala ndizi zetu, akatoa hukumu kwa Kiswahili cha mtaani kwao, chenye Kirundi na Kifaransa ndani.

"Umva, musikilize. Munara ya mawe bila msingi haiko. Ile ya juu batu banaweza kuiba. Msingi, non. Msingi inabaki mu udongo. Donc, tuchimbe. Kama iko, tutaiona. Kama haiko, mi sijui."

Kilima kizima kilikuja. Waliorudi upande mmoja, waliobaki upande mwingine, na Katekista amewekewa kiti katikati, kwa heshima, kama mzee wa kushuhudia. Fundi alipima pembe nne kwa kamba kwa kufuata picha, vijana wakashuka na majembe. Wakachimba mpaka magotini, udongo mwekundu. Wakafika kiunoni, mizizi na mchwa. Wakafika kifuani, udongo mwekundu uleule unatucheka. Kila jembe lilipogonga kitu watu walivuta pumzi, na kila mara kilikuwa mzizi wa mkaratusi. Kijana mmoja mpana wa mabega, aliyekuwa bingwa wetu wa kuachama kwenye mvua, akasimama shimoni akapaza sauti, "Hata msingi wameuiba!"

Unaweza kucheka sasa. Dakika ile hakuna aliyecheka, maana wenye majembe waliyageuza mikononi. Mama Spesi akatoka mbele, hajashika kitu.

"We mutoto, unisikilize! Mi nilibaki hapa, mi nilifagia iyi kanisa na masasi inapita juu ya bati. Nyinyi mulikuwa kule munakula unga ya msaada. Leo munasema mi niko mwizi? Mawe ya nyumba yangu Mungu aliipanda pale ku mulima, enda muulize ye! We Katekista, we ulikuwa unapigaka kengele hapa. Sema sasa. Munara ilikuwaka wapi?"

Katekista akainuka. Akatembea mpaka ukingoni, akakaa kitako na koti lake safi, akateleza mpaka chini ya shimo, akaanguka, akasimama. Kofia tu ndiyo tuliyoiona nyuma ya lundo la udongo, halafu ikaja sauti.

"Msichimbe tena, wanangu. Hakuna aliyeiba. Mnara ule uko Uingereza. Hapa haujawahi kuwapo."

Majembe yakashuka.

"Ulisema vita," kijana wa mabega akamwambia, wamesimama uso kwa uso mle shimoni.

"Vita ilichukua watu. Mnara haikuuchukua."

"Na Yona je? Na samaki?"

"Ya Yona mimi simo," Katekista akasema haraka. "Hayo niliyakuta."

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama Spesi. Nilidhani analia. Alikuwa ameketi juu ya lundo la udongo, ameshika mbavu, anacheka hana pumzi. "Mana weee, Mungu wangu! Si ile picha ya muzungu? Ile ilikuwa mu chumba ya nyuma, na buibui? Batoto banachimba Uingereza!" Akaangukia ubavu. Mwenzake akamwinua, naye akashikwa. Kicheko kikavuka upande wetu, kikamkuta baba yangu, kikamkuta mama na harusi yake ya kivulini, na mke wa Katekista, nakuapia, alicheka mpaka akavua kilemba. Kijana wa mabega alilitupa jembe akaondoka bila kumtazama mtu. Mimi nililia. Nililia mnara kama mtu aliyefiwa, kwa sababu ndicho kitu pekee kizuri nilichokuwa nacho utotoni, na huku nalia nacheka, kamasi zinanitoka, sijui nishike lipi.

Fundi Ramazani ndiye hakucheka. Alikuwa amechuchumaa anatazama shimo kwa mapenzi.

"Mi nimeona shimo mingi," akasema. "Iyi iko muzuri, pembe zote iko sawa. Kuifukia, iyo ni dhambi hata kwetu Baislamu."

Watu wakatazamana. Mama Spesi akajifuta macho, akainuka, akaenda zake kwake. Tukadhani ameudhika, tukamvuta Katekista kutoka shimoni. Alirudi na jiwe kichwani juu ya ngata, moja kati ya yale yaliyobaki alipojenga, shingo imemzama mabegani kwa uzito. Akalibwaga miguuni pa Katekista, nusura avunje vidole vyake.

"Mulisema mi niko na mawe ya munara," akasema. "Voilà. Moja ni hii."

Tukajenga. Usiniulize fedha, hazikuwepo. Mawe yalitoka kilimani, mikono ilitoka pande zote mbili, na kijana wa mabega alirudi siku ya tatu akaanza kuchanganya udongo bila kusema neno. Mashamba yaligawanywa palepale, kwenye lundo la kokoto, kwa sababu ni vigumu kumkunjia mtu ngumi mkiwa mmebeba jiwe moja pamoja. Mvua ikasimamisha kazi. Saruji ikaisha, kazi ikalala tena, na tulipoanza upya machimbo ya kwanza yalikuwa yamekwisha, mawe ya juu yakaja meupe. Katekista alikimbia kuwaita watu mashambani waje waone. "Rangi imebadilika! Imebadilika!" Alikuwa anaruka.

Vichwa vya kutapika maji Fundi alivikataa, dini yake haimruhusu kuchonga mtu. Wakabishana chai nyingi, wakakubaliana ng'ombe, wa kwetu, wale wa pembe ndefu. Mvua ikinyesha Muyinga leo, ng'ombe wanne wa saruji wanatapika juu ya Waanglikana, na pembe moja imeshavunjika. Jogoo wa bati anafanana na bata. Mnara wenyewe umelipita paa kwa kimo cha mtu, umeinama kidogo upande wa waliobaki, na Fundi anadai aliuinamisha kwa makusudi.

Katekista alilipa kwa namna yake. Tangu siku ile hakuweza kusimulia kitu bila mtoto kuinua mkono na kuuliza, "Hiyo ni kweli au umetia chumvi?" Ilikuwa lazima ajibu. "Chumvi kidogo," alisema, akiwa amenywea, halafu anaendelea.

Mara ya mwisho nilipomkuta alikuwa Bukirasazi, kwa binti yake aliyeolewa huko. Miguu ilikuwa imekataa kazi. Nilitoka Gitega, ninakoishi sasa, kwa pikipiki, nimembebea sukari, nikamkuta kitandani amevaa koti juu ya blanketi, ameanza kucheka kabla sijamsalimia. Tukazungumza habari za huyu na yule. Binti yake alipotoka kwenda kuchochea moto, uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, nataka kukuuliza jambo. Usinitilie chumvi."

"Uliza, Katekista."

"Ningewaambia pale kambini kwamba kwetu ni kanisa dogo la matofali, bati juu, basi. Mngerudi?"

Nikamwelewa. Hilo ndilo alilokuwa amejiwekea akiba kwa siku yake mbele ya Mungu: nilisema uongo, lakini niliwarudisha watoto nyumbani. Nikatamani asingeniuliza mimi. Lakini alikuwa ameniomba ukweli, na huyu ndiye aliyenifundisha kusoma.

"Tungerudi," nikasema.

"Wote?"

"Wote. Tulikuwa tumeichoka kambi. Mama alitaka kuzikwa kwao. Mimi nilitaka tu mahali ambapo hatutapanga foleni ya unga."

"Hata bila mnara?"

"Hata bila kanisa, Katekista."

Akageukia ukuta. Nikajiuma ulimi, nikamtazama kifua kama kinapanda. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Kwa hiyo lile shimo," akasema, "na Mama Spesi, na lile jasho langu la Kobero…"

"Bure."

"Bure!" Akalipiga godoro. "Bure kabisa!" Tulicheka mpaka binti yake akaja kuchungulia. Alipotulia akajifuta macho kwa kona ya blanketi, na nikaona machozi hayakuwa ya kicheko yote. "Basi huko niendako nitamweleza nini?"

"Mweleze kwamba ulipenda kusimulia."

"Hilo analijua," akasema kwa unyonge.

Hodi ikapigwa nje. Walikuwa watu wa kilimani, wamesafiri kutoka Muyinga kuja kumwona, waliobaki na waliorudi kwenye gari moja, Mama Spesi mbele na mkungu wa ndizi, na nyuma yake yule kijana wa mabega, sasa mzee wa kanisa mwenye tumbo. Chumba kikajaa. Mama Spesi akaiona sukari.

"We Katekista, we ungali unakula sukari ya batu?"

Akafufuka. Akaketi, akalinyoosha koti, akaanza kusimulia, akawapeleka wote mpakani kwenye lori, mtu wa forodha akafungua mkeka upya, vilima vikapita kimoja kimoja, na walioijua habari ile walikuwa wameinama mbele kana kwamba hawajui itaishaje. Alipofika katikati akanyoosha kidole kwangu.

"Mwulizeni huyu! Alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Mwulizeni kama angerudi bila mnara."

Wote wakanigeukia. Katekista alikuwa ananitazama bila kupepesa, blanketi amelikamata kwa ngumi.

"Mimi?" nikasema. "Hata Kobero nisingevuka."

"Mnasikia?" akasema Katekista, akaegemea mto wake, akawatazama mmoja mmoja. "Mnasikia?"